Ndege ya Frigoliti ya Riziki

Prefe wetu, mkuu wa shule, aliniomba kurasa chache. "Mwalimu Kashindi, uwaandikie walimu wapya mambo ya atelie yetu ya ufundi, wapate moyo." Aliniomba siku ileile waliponiaga kwa nyimbo na kunipa saa ya ukutani. Saa yenyewe inachelewa dakika kumi kila siku. Nimeifungua mara mbili, mimi niliyefundisha ufundi wa umeme miaka thelathini na moja, na sijaiweza. Basi, ninaandika. Kuhusu huo moyo, sina uhakika kama mtaupata kwangu.

Ninyi mtakaosoma mko wanne na ninawajua wote. Mmoja wenu, Mwalimu Espoir, aliyekuwa msaidizi wangu kabla ya kuwa mwalimu, namwomba avumilie asome mpaka mwisho kabla hajanipigia simu.

Sikuanza shuleni. Nilianza kwa Mzee Donati, fundi wa redio hapa Kasenga, mtu wa Kiringye aliyezungumza na redio mbovu kwa Kirundi, na watu kwa Kiswahili. Siku ya kwanza alinipa redio, akaniambia nifungue na niseme nimeona nini. Nikasema nimeona mende. "Na nini tena?" Nikasema mende wengi. Majuma matatu nikawa wa kusafisha tu, kwa brashi ya meno na spiriti, bila kuruhusiwa kugusa chuma cha kusude, kile cha moto kinachounganisha waya kwa bati. Niliona ananionea. Baadaye nilielewa kwamba redio nyingi zinazoletwa kwa fundi hazina ugonjwa, zina uchafu.

Mzee Donati alikuwa na sheria moja kuu. Zamani mwanafunzi wake mmoja aliona mgeni anaingia, akainuka mbio kumsalimia, akaacha chuma cha kusude kikiwaka juu ya meza. Meza iliungua, na redio tano za watu pamoja nayo. Tangu hapo mzee aliamuru: "Mgeni akiingia, zima kwanza, weka chini, ndipo usalimie. Tena mikono miwili! Weye hausalimii mukubwa na mukono moja kama unaomba biskuti." Kwetu, ninyi mnajua, kumpa mkubwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kazi yako ni kumwambia kwamba kazi ni bora kuliko yeye. Ili tuzoee, mzee mwenyewe alitoka nje, halafu akaingia ghafla na mkono mbele kama mgeni. Asiyezima alipigwa rula kwenye vidole.

Rula ilifanya kazi yake. Baada ya mwaka mmoja mkono wangu ulizima wenyewe, bila kuuliza kichwa. Mke wangu mpaka leo ananicheka. Jirani akipiga hodi wakati wa habari, naizima redio na kusimama, halafu sote tunakaa hatujui nani amefanywa waziri.

Shuleni niliingia nikiwa na suruali moja ya heshima. Atelie ilikuwa na vyuma vitatu vya kusude kwa wanafunzi ishirini na wanane, kipimo kimoja cha umeme chenye kioo kilichopasuka, na umeme uliokuja ulipojisikia. Tulifundisha nadharia umeme ukiwa umekwenda, na uliporudi tulikimbia mezani hata katikati ya sentensi. Vyombo vitunzeni. Kipimo kile bado kipo, kwenye droo ya chini. Msiwape watu wa kuazima, hata wakija na barua ya kanisa.

Nitawaambia kesi moja tu, kwa sababu inanisema mimi. Walikuja wanaume wawili kutoka milima ya juu, wafugaji wa ng'ombe, wamebeba mgongoni amplifikateri, kikuza sauti cha kanisa lao. Siku mbili kwa miguu. Nikaifungua: fuzi imekatika, basi. Kazi ya dakika moja. Niliwatazama miguu yao ilivyovimba, nikashindwa kuwaambia. Nikaizungusha amplifikateri ile mezani mpaka jioni, nikafungua visivyohitaji kufunguliwa na kukunja uso, ili safari yao isionekane ya bure. Walinishukuru sana. Nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwema. Leo nasema hivi: mtu akizoea kunyamaza kwa ajili ya wema, siku moja atanyamaza kwa ajili ya jambo jingine, na hataona tofauti.

Sasa nifike kwa Riziki.

Riziki alitoka Katogota, wazazi wake wakulima, na hapa alikaa kwa shangazi yake. Alikuwa msichana pekee katika darasa la mwisho la umeme. Alisude vizuri kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa kumsifu bure. Sudire yake, lile tone la bati linaloshika waya, ilikuwa ndogo, inang'aa, imekaa. Alikuwa pia na ulimi. Nilipoandika kosa ubaoni hakunyoosha mkono kwa adabu, alisema tu, "Mwalimu, ile itaungua." Na kweli ingeungua.

Mwaka ule shule ilitangaza kwamba mwanafunzi atakayepata pointi za kwanza mbele ya jury, yaani watahini, kwa chombo alichotengeneza mwenyewe, atabaki katika atelie kama msaidizi, na baadaye mwalimu. Nafasi ilikuwa moja. Riziki aliitaka na hakuficha. "Nikikosa hii, minye nitarudi kulima mupunga," aliniambia. "Haiko mubaya kulima. Lakini nitasahau kusude." Wengine walichagua vitu vinavyokaa mezani: chaja, taa, kengele. Yeye alileta ndege.

Ilikuwa ndege ya frigoliti, ile povu nyeupe nyepesi ya masanduku ya samaki, mchezo wa watoto ambao mjomba wake aliuleta kutoka Bujumbura. Haina moteri. Unaitupa kwa mkono, inateleza hewani, inakwenda inakotaka. Mabawa yake yalikuwa mapana kama mikono ya mtoto aliyeifungua.

"Mwalimu, ikisha toka mu mukono, ni nani anaiongoza?"

"Hakuna. Upepo."

"Basi nataka niiongoze minye."

Nilikuwa na telekomande ya zamani ya njia mbili, chombo cha kuongozea kwa mbali, pamoja na resepteri yake, kisanduku kinachopokea amri, na servo mbili, vimoteri vidogo vya kuvuta. Ilikaa kabatini miaka, hakuna aliyeihitaji. Nikampa. Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Tulifanya kazi majuma sita, na hayo ndiyo majuma mazuri kuliko yote niliyoyapata katika jengo lile.

Niwape ufundi wake, huenda siku moja mkauhitaji. Kwanza, kole ya dukani, yaani gundi, inakula frigoliti. Sisi tuliweka tone moja kwenye mkia, tukakaa tukiutazama ukiyeyuka. Tumieni kole ya mbao na uvumilivu wa siku nzima. Riziki alikata mkia kwa wembe, akatenga ubapa wa kuinua na kushusha pua na ubapa wa usukani, akazirudishia kwa skochi, utepe wa kunata, ili zicheze kama mlango. Vyuma vya kuvuta tulivinyoosha kutoka kwenye rayo za kinga, njiti za gurudumu la baiskeli, tukavipitisha ndani ya mirija ya kalamu za bic. Kiota cha resepteri alikichimba kwa ncha ya chuma cha kusude kilichopoa nusu. Kikiwa moto sana kinatoboa mpaka upande wa pili. Hilo pia tulijifunza kwa kutoboa.

Kazi ngumu ni uzito. Ndege iliyotengenezwa iruke yenyewe imepimwa kwa uzito wake mwenyewe. Ukiongeza vitu, mizani inaharibika. Unaweka vidole viwili chini ya mabawa, theluthi moja kutoka mbele, na ndege inapaswa kukaa sawa. Yetu ilikaa kwenye mkia kama kuku anayetaga. Tukasogeza batri mpaka puani, bado. Mwishoni Riziki alikwenda ziwani, akaomba kwa wavuvi wa ndagala vipande viwili vya risasi ya wavu, akavizika kwenye pua. Ikakaa sawa. Alipiga yowe la furaha, darasa la pili likaja kuchungulia.

Sheria ya mwisho niliiandika mimi ubaoni kwa herufi kubwa: TELEKOMANDE INAWASHWA YA KWANZA, INAZIMWA YA MWISHO. Ndege ikiwa juu na telekomande imezimwa, hapo hakuna mwenye ndege. Wanafunzi wote waliinakili kwenye daftari. Mwandiko ulikuwa wangu.

Tulikwenda kuijaribu kwenye mteremko ulio juu ya Kasenga. Mchana upepo wa ziwa unakuja kugonga mlima na kupanda, na ndege isiyo na moteri inaweza kukaa juu ya upepo ule muda mrefu. Riziki ndiye aliyeitupa, kwa kuwa aliijua mizani yake na alikuwa na mbio. Mimi nilishika telekomande mpaka ndege itulie, halafu yeye alirudi, akaichukua mkononi mwangu na kuongoza. Mara ya nne iliruka. Ilizunguka juu ya mabati ya mji, ikaenda upande wa ziwa, ikarudi. Alikuwa anacheka na kutoa machozi. "Mwalimu, ona! Inanisikia!" Nami nikajifanya natazama mawingu.

Siku ya jury walipanda watatu: prefe wa wakati ule, siyo huyu wa leo, na walimu wawili. Inspekta wa shule alikuwa amechelewa. Prefe akasema tuanze, upepo usije ukaisha. Nikawasha telekomande, taa nyekundu ikawaka. Riziki akakimbia, akatupa. Ndege ikapanda safi kabisa. Nikaikunja kushoto kidogo ili irudi kwetu, na Riziki akageuka kuja kuchukua telekomande. Alikuwa bado hatua kama ishirini.

Hapo inspekta akatokea nyuma yangu, anahema, viatu vyake vya kung'aa vimejaa vumbi, mkono mbele. "Mwalimu! Poleni na kazi!"

Nikazima, nikaweka chini, nikamsalimia kwa mikono miwili.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikufikiri. Ningefikiri hata nusu sekunde, nisingefanya. Nilikuwa nimeinama mbele ya mtu yule, nasema karibu sana muheshimiwa, na mkono wake uko ndani ya mikono yangu yote miwili, nilipowasikia wenzangu wanapiga kelele. Usukani ulikuwa umekunjwa kushoto, ukabaki hivyo. Ndege ilizunguka, ikazunguka kwa duara dogo zaidi, ikaingia kwenye mawe. Nikaiokota telekomande na kuiwasha haraka. Walipogeuka kunitazama, taa nyekundu ilikuwa inawaka kama kawaida.

Waliileta ndege. Bawa moja limevunjika, pua imepasuka, na waya mmoja wa resepteri unaning'inia. Mwalimu mmoja akasema, "Sudire baridi hii." Ni ile sudire inayoonekana imeshika kumbe haikushika, kosa la mwanafunzi mvivu. Nikauchukua waya, nikautazama karibu. Bati lilikuwa mahali pake, limeshika vizuri mno. Ni shaba yenyewe iliyokatika, kwa kishindo, na ncha yake ilikuwa mpya, nyekundu. Mtoto wa mwaka wa tatu angeisoma.

Inspekta akaniuliza, "Mwalimu, inawezekana sudire ya mwanafunzi ndiyo ilileta hasara hii?"

Riziki alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Inawezekana."

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana. Ningesema ukweli, ningepaswa kusema kwamba nilizima ili nimsalimie, na aibu ingemfikia inspekta pia, na prefe angekasirika, na mji mzima ungenicheka: fundi mkuu aliandika sheria ubaoni akaivunja mwenyewe. Hizo ni sababu nzuri nzuri. Nikiziondoa zote, kinachobaki ni uoga. Nilijiambia nitasema kesho, nikiwa peke yangu na prefe. Kesho yake pointi zilikuwa zimeandikwa na kutiwa sahihi.

Tulipokuwa tunashuka, Riziki alinifuata. "Mwalimu, ni frigoliti tu. Leo nitabandika bawa. Kesho turushe tena mbele yao?"

"Jury imekwisha andika," nilimjibu. Nilimjibu hivyo bila kumtazama.

Nafasi ilikwenda kwa chaja ya batri, iliyokaa mezani na haikuruka popote. Mwenye chaja ni wewe, Espoir. Hukuiba kitu. Chaja yako ilikuwa nzuri na wewe ni mwalimu mzuri, nimesema hivyo mbele ya watu na narudia hapa. Lakini nafasi ile haikuwa yako, na ni haki ujue umekalia kiti cha nani. Usinichukie. Au nichukie, ni haki pia.

Tangu hapo nilifundisha miaka minane. Kila mwaka, nilipofika kwenye somo la sudire baridi, niliwaambia wanafunzi wafungue kitabu wasome wenyewe.

Mwezi uliopita, nilipokwisha staafu, nilichukua pikipiki nikaenda Katogota. Haikuwa vigumu kumpata. Niliuliza alipo Riziki anayechaji simu, nikaonyeshwa. Kibanda kidogo, pano ya umeme wa jua juu ya bati, simu kama ishirini zimepangwa na namba zao. Kwenye meza palikuwa na redio iliyofunguliwa. Nilitazama sudire yake kabla ya kumtazama usoni. Bado ilikuwa ileile.

"Karibu, papa. Simu ao redio?"

"Si simu. Mimi ni…"

"Nakujua, papa. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakanipotea yote. "Riziki, sudire yako haikuwa na kosa. Ni mimi nilizima telekomande."

Aliendelea kukaza skrubu. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa narudi kuchukua telekomande, hapana? Niliona kidole yako. Niliona taa inakufa. Kisha nikaona unaiwasha tena."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Akaweka bisibisi chini. "Niseme kwa nani, papa? Mwanafunzi aseme mbele ya inspekta mwalimu wake alizima? Nilingoja weye useme. Kesho yake nilikuja, nikakaa pale mulango ya atelie. Ulipita, ukanisalimia, ukaingia. Nikasema, labda juma ijayo. Nilikuja juma ijayo. Nilikuja mpaka mvua ikaanza, na mama akaniita kupanda mupunga."

Nilisema pole. Neno lilitoka dogo sana. Nikamwambia nitaandika, walimu wote wasome, shule ijue.

"Andika. Lakini uandike na hii: ile ndege niliitengeneza. Bawa nilitoa kwa sanduku ya samaki. Mu resepteri nilibadilisha ile waya moja tu, nikanunua telekomande ya bei ndogo, nikairusha kwa ile kilima ya nyuma. Iliruka muzuri kabisa."

Nilisimama. "Iko wapi? Nitaipeleka shuleni, nitawaita, irushwe mbele yao!"

"Niliichoma." Alisema bila kuinua sauti. "Wakati vitu vya kuruka, zile drone za vita, vilianza kuogopesha watu huku. Mama alisema, siku wanaume wenye bunduki watakuta hii mu nyumba, utawaambia ni mchezo? Tuliichoma mu jiko, saa ya kupika. Ilitoa moshi mweusi, mboga ikaharibika."

Akaja mteja na simu mbili, Riziki akamhudumia. Nikabaki nimesimama katikati ya kibanda na mikono yangu, sina pa kuiweka.

Aliponiona ninaaga alitoka, akanisindikiza mpaka barabarani, akanitafutia pikipiki na kugombana na dereva kuhusu bei ili nisidanganywe. "Safari njema, papa," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Tulikuwa karibu na Kiringye nilipoanza kuyarudia maneno yetu kichwani, moja moja. Papa, yaani baba, huitwa kila mzee anayepita njiani na kiu. Wanafunzi wangu wananiita Mwalimu sokoni, msibani, kanisani. Hata yule niliyemfukuza kwa kuiba waya ananiita Mwalimu. Riziki, tangu nilipoingia mpaka nilipoondoka, hakuniita hivyo hata mara moja.